Muthiga wa Ruring'u: Kisu Kilipokosea

Mliopita juzi karibu na uwanja wa Ruring'u, Nyeri, mkalitazama lile shamba-msitu la bondeni, mmejionea wenyewe. Mpangilio hauna kasoro: avokado na makadamia juu, kahawa na migomba katikati, nduma penye unyevu, managu na thabai ukingoni. Kazi safi. Ila mti wa muthiga ulio humo, mti wetu wa dawa, umebanduliwa gome mzunguko mzima, na kosa hilo halina utetezi.

Tazameni ulivyobanduliwa. Mkato mmoja usawa wa kifua, wa pili kiunoni, kisha gome likavuliwa kama soksi. Kisu hakikuridhika na ganda la nje. Kiliondoa hata ule utando laini, wenye utelezi, unaozaa gome jipya. Kilichobaki ni mti mweupe, mkavu ukiugusa. Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia gome la ndani, na ukilikata pande zote mizizi inashinda na njaa. Maji, kwa upande wake, hupanda kupitia mbao, ndiyo maana majani bado ni kijani na jirani wanasema mti umevumilia. Haujavumilia. Unakula akiba.

Wala kubandua gome bila kuua mti si elimu mpya. Mti wa muiri ulipoanza kumalizwa kwa kubanduliwa gome la dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliuweka kwenye Kiambatisho cha Pili mwaka 1995. Huko Kamerun wavunaji waliwekewa kanuni: bandua robo mbili za shina zinazotazamana, kisha uache mti miaka kadhaa kabla ya kugusa robo zilizobaki. Wazee wetu wa dawa nao walibandua kipande upande mmoja, wakaenda zao.

Tena muthiga hauhitaji hata kisu. Majani yake yanawasha ulimi kama gome, na kwa spishi ndugu yake ya Afrika Kusini watafiti walishapendekeza majani yachukue nafasi ya gome. Wahindi wa Kenya waliyatia kwenye mchuzi. Sasa kama shamba ni la chakula, kwa nini mti unaotoa kiungo na dawa ya kikohozi kwa pamoja uvunwe kama nguzo ya boma?

Na nitasema, anayenuna anune: ile miarubaini iliyodumaa kwenye geti la shamba hilo haina kazi Nyeri. Huu ni mji ulio juu ya mita 1,700. Muarubaini unataka joto la Kilifi. Tunahangaikia mti wa pwani, wa kwetu tunauchuna ngozi.

Wanawake wa vuguvugu la upandaji miti la Green Belt, walioanza na Wangari Maathai wa Ihithe mwaka 1977, waliokota mbegu za miti ya kienyeji wakaziotesha kwenye makopo. Lakini mbegu ya muthiga haivumilii kukauka, lazima ioteshwe ingali mbichi. Kuupata mti mwingine kama ule si suala la kupitia sokoni Jumamosi.

Mwenye shamba, usipake tope ukingoja muujiza. Kata shina chini ya jeraha sasa hivi, kisiki kikiwa bado na nguvu, huenda kikachipua mvua za Machi zikija. Kikichipua, chuma majani.