Fuata Hati ya Shamba: Jinsi Watu Waliouzwa 1838 Walivyopatikana Louisiana

Mwaka 1838 mapadre Wajesuiti wa Maryland, wenye Chuo cha Georgetown kule Washington, waliuza watu 272 kwa dola 115,000. Chuo kilikuwa kimezama katika madeni, na sehemu ya fedha hizo ilikiokoa. Wanunuzi walikuwa Henry Johnson na Jesse Batey, wenye mashamba Louisiana, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka vijiji ambako watu hao walizaliwa na kubatizwa.

Mwaka 2015 Richard Cellini, aliyesoma Georgetown, aliuliza waliishia wapi. Akajibiwa kwamba karibu wote waliteketea kwa homa katika mabwawa ya Louisiana. Hakuridhika na jibu hilo. Alianzisha mradi wa utafiti, Georgetown Memory Project, akawaajiri wataalamu wa nasaba. Kufikia 2019 zaidi ya 200 kati ya waliouzwa walikuwa wametambuliwa, na kizazi chao, walio hai na waliokwisha kufa, kilipita watu 8,000. Namna kazi hiyo ilivyofanywa inastahili kujulikana na yeyote anayetafuta ukoo wake, kwa sababu ilianza mahali ambapo watafiti wengi hukata tamaa.

Kwa kawaida mtu huanza na nafsi yake, akapanda kwa mzazi, kwa babu, hadi kwa wahenga. Mmarekani Mweusi akipanda hivyo hukwama mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza ya nchi nzima iliyowaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Zile za 1850 na 1860 zilikuwa na karatasi za watumwa, lakini jina lililoandikwa ni la bwana. Chini yake kuna umri, jinsia na rangi, basi. Mtafiti anaona mwanamume wa miaka 25 asiye na jina, na mwingine wa umri uleule anayemfuata.

Timu ya Cellini ilianza juu ikateremka. Mapadre walikuwa watunzaji wazuri wa karatasi. Waliacha orodha ya watu wao, wakiwapanga kwa shamba na kwa familia, pamoja na umri. Ipo pia hati ya mauzo. Karatasi ya tatu ni ya melini. Sheria ya Marekani ya 1807 iliyopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje iliwataka manahodha waliosafirisha watumwa kwa pwani ya ndani kuorodhesha jina, jinsia, umri na hata urefu wa kila mmoja. Meli ya Katharine Jackson ilifika New Orleans Desemba 1838 ikiwa na orodha ya namna hiyo. Urefu ni jambo dogo, ila watu wawili wenye jina moja na umri mmoja wanaweza kupishana inchi nne, na hapo mtafiti akapata kuwatenganisha. Orodha hizi zilipolinganishwa ilibainika kwamba hata idadi ya 272 haikuwa kamili: majina yanayohusika na mauzo yale yanapita 300, na wapo ambao hawakusafirishwa kamwe.

Tangu New Orleans hadi 1870 ni miaka zaidi ya thelathini ya kimya. Hapo ndipo alipohitajika mwenyeji. Judy Riffel wa Baton Rouge alikuwa kwa miaka mingi mhariri wa jarida la chama cha nasaba cha huko, Le Comité des Archives de la Louisiane, na alijua jambo ambalo mgeni angechelewa kulijua. Sheria ya Louisiana, iliyorithi mengi kutoka Ufaransa na Hispania, ilimhesabu mtumwa kuwa mali isiyohamishika, kama ardhi. Kumuuza kulidai hati, na hati ilisajiliwa mahakamani. Ni sheria katili, nayo imeacha karatasi nyingi. Shamba likiwekwa rehani, watu wake wanatajwa. Bwana akifa, mali yake inaandikwa kitu kwa kitu, na watu wamo kwa majina pamoja na bei zao.

Kwa hiyo anayemtafuta mtumwa humfuata bwana kwanza. Cornelius Hawkins aliuzwa kwa Batey akiwa mtoto wa miaka 13. Batey alipofariki, mirathi iliandikwa na shamba likauzwa pamoja na watu wake. Hati zikifuatwa kutoka mkono hadi mkono, Cornelius anaonekana tena na tena, na mwaka 1870 yumo katika sensa, mtu huru, mume na baba. Alibaki Mkatoliki maisha yake yote, kwa hiyo daftari za kanisa zilijaza pale ambapo mahakama ilinyamaza. Alifariki 1902. Kaburi lake lilionekana Maringouin, mji mdogo wa watu elfu moja hivi, ambako majirani walikuja kugundua kwamba wao ni ndugu.

Kilichonishawishi zaidi ni ukali wa ushahidi. Jina peke yake halikutosha. Nace wa orodha ya shamba anaweza kuwa Ignatius katika daftari la padre, na umri katika sensa ulikuwa wa kukisia. Kilichothibitisha ni kundi: mume, mke na watoto waliotajwa pamoja Maryland wakitokea tena pamoja Louisiana, wakiwa na majirani walewale waliopanda nao meli. Familia nzima ni vigumu zaidi kuikosea kuliko mtu mmoja.

Vipimo vya vinasaba vilisaidia, lakini naona husifiwa kupita kiasi. Vinaonyesha kwamba watu wawili wana damu moja bila kusema ni kupitia nani. Tena, mahali ambapo koo chache zimeoana kwa vizazi, binamu wa mbali huonekana kama wa karibu. Bila karatasi kipimo hupotosha.

Mwaka 2019 matokeo yaliwekwa wazi kwa umma kwa ushirikiano na chama cha nasaba cha New England, kilichoanzishwa Boston mwaka 1845, pamoja na masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa. Ni haki kwamba wenye ukoo hawalipii kuyasoma. Mwaka 2016 Georgetown ilitangaza kuwapa kizazi hiki upendeleo uleule wa watoto wa wahitimu wanapoomba kujiunga, kwa hiyo kuthibitisha ukoo si udadisi tu.

Waliobaki Maryland wanahitaji njia nyingine. Wapo waliokuwa na mume au mke katika shamba la bwana mwingine, na wapo waliouzwa karibu. Maryland ilifuta utumwa tarehe 1 Novemba 1864, na kuanzia 1867 jimbo liliwataka mabwana wa zamani kuorodhesha kwa majina na umri watu waliokuwa nao siku ile, kwa matumaini kwamba watafidiwa. Orodha za kaunti ya Prince George's, lilikokuwa shamba la White Marsh la mapadre hao, zipo hadi leo. Kwa waliobaki, utafutaji uanzie hapo.