Jukwaa katika Sanaa ya Lubaina Himid

Mchoro wa maleba haukamiliki mpaka mwigizaji ayavae. Mchoro wa mandhari haukamiliki mpaka watu waingie ndani yake. Hatuna budi kuukumbuka msingi huu tunapoihakiki kazi ya Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga baada ya kufiwa na baba yake. Huko alisomea usanifu wa jukwaa katika Chuo cha Sanaa cha Wimbledon, akahitimu mwaka 1976. Hata alipogeukia uchoraji, hakuliacha jukwaa.

Tutazame kwanza “Freedom and Change”, yaani Uhuru na Mabadiliko, ya mwaka 1984. Picasso alikuwa amechora wanawake wawili wakikimbia ufukweni, na picha yake ikakuzwa kuwa pazia la tamthilia ya dansi mjini Paris mwaka 1924. Himid alichora wakimbiaji wake juu ya kitambaa, akawafanya wanawake weusi. Pazia lile lile sasa linafungua mchezo mwingine.

Ufundi huo ulikomaa katika “Naming the Money” ya mwaka 2004. Humo mna watu 100 wa mbao nyembamba, wenye kimo cha binadamu na mavazi ya rangi kali: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba. Ni Waafrika waliofanywa watumwa katika nyumba za wakubwa wa Ulaya. Mtazamaji hupita katikati yao. Mgongoni mwa kila mmoja husoma jina lake la asili, jina alilobandikwa, na kazi yake. Hivyo mtazamaji naye huwa jukwaani, wala hawezi kujidai mgeni.

Linganisha na Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Masanamu ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998 yamesimama shimoni, yamefungwa minyororo. Hayo hutuonyesha mateso. Ya Himid huturudishia jina na ujuzi wa aliyeteswa. Historia yetu inahitaji yote mawili.

Himid alipata Tuzo ya Turner mwaka 2017. Hata hivyo, fahari haitoshi. Mbao, rangi na kitambaa si vitu vigeni Unguja. Mwalimu anayetayarisha mchezo na wanafunzi wake awaulize kwanza: mtu huyu aliitwa nani, na mikono yake ilijua kazi gani? Maleba yaanzie hapo.