Kuangalia tena La Vie est belle, na batoto pembeni

Siku ya posho nilibakia na bampwa bangu wawili, mutoto mwanamuke wa miaka 9 na mudogo wake wa miaka 6. Badala ya bikatuni, nikabawekea La Vie est belle, filme ya muziki ya 1987, ya Benoît Lamy na Ngangura Mweze. Kwetu tulikuwa nayo ku kaseti. Baba alikuwa anasema ni filme ya jamaa nzima, nami niliamini.

Kourou, ndiye Papa Wemba mwenyewe, anatoka ku mugini na kuingia Kinshasa na hamu ya kuimba ku televizyo. Anakuwa boyi wa Nvouandou, tajiri mwenye nyumba ya muziki, na wote wawili banamutaka Kabibi.

Muziki haijazeeka. Mudogo alisimama kucheza mara tu Papa Wemba alifungua kinywa, na Pépé Kallé alipoonekana na ule mwili wake mukubwa, akapiga makofi. Kitu ingine ninapenda: filme haiombi huruma. Batu ba mule habana kitu, lakini beko na Article 15 mu kichwa. Shiye wenye diplome mu sanduku tunaijua ile akili. Miye nilisoma kilimo, ninauza inite. Na mugini ya Kourou je? Ni mahali pa kuondokea tu, kama vile mu nyimbo nyingi.

Sasa, nyiye wenye muliiona zamani, munakumbuka kipande ya muganga? Nguvu ya Nvouandou imepotea kitandani, muganga anamwambia aoe binti bikira. Miye nilisahau kabisa! Nikatafuta telekomande, haikuonekana. Bahati nzuri batoto habakuelewa, walichekea sura ya muganga tu.

Shida ilikuja mama ya Kabibi alipopatana na tajiri. Mupwa wangu akauliza:

«Yomba, na Kabibi, nani alimuuliza?»

Nikajibu: «Angalia tu, mwisho ni muzuri.»

Yaya yangu, mama yao, alikuwa ku mulango na sahani mu mikono. Yeye aliolewa na miaka 17, mwaka mumoja mbele ya diplome ya Leta. Ile siku tulikula vizuri, hata miye. Akarudi kupika bila kusema neno.

Ni kweli, filme inamucheka Nvouandou, haimucheki Kabibi. Hiyo ninaihesabia wema. Lakini kicheko kinapita haraka sana juu ya ile mapatano, na wimbo ya mwisho inafunika byote. Miaka yote nilicheka pale pale. Ningali ninasema batoto baione, ila si kwa kuiacha inaimba peke yake mu salon na mukubwa anashika telefone. Mutu akae nabo, na kama swali inakuja, asijibu kama vile nilijibu.

Jana mupwa ameomba tuianze tena, na mama yake akae naye. Yaya amesema atakuja akimaliza kuosha masahani.