Mwiba Uliotupwa Olasiti

Waliokuwapo Olasiti katika somo lile la kutambua mitishamba wanajua ninakoelekea, kwani pale mwalimu alipotwaa kitawi cha mtandamboo, akakikwanyua miiba yote ili isiwachome wanafunzi, kisha akakipitisha mikononi mwao akisema kwamba jani na harufu ya ua vyatosha kuujua mti, alitenda kosa ambalo kwa rai yangu halina udhuru.

Mtandamboo, ambao Wamaasai huuita olamuriaki na ambao kikombe cha dawa kilichonywewa Samunge mwaka 2011 kiliutangaza nchi nzima kwa jina la mugariga, una ndugu wa ukoo mmoja, nao ni msunguti. Majani ya yote miwili hukabiliana jozi jozi, ni magumu na yang'aayo. Ukivunja kikonyo hutoka utomvu mweupe. Maua ni meupe yenye wekundu kwa nje, tena hunukia. Na matunda yakiiva huelekea weusi wa zambarau. Alama iliyo bayana kuliko zote ni mwiba: mtandamboo huwa nao, mgumu, pengine wenye panda, ilhali msunguti hauna hata mmoja, na ni katika msunguti huo ndimo Wakamba walimopata sumu ya mishale yao, na katika jamii yake Arnaud, mkemia Mfaransa, alimopata mwaka 1888 ile ouabain iwezayo kuusimamisha moyo. Alama hiyo ndiyo mwalimu aliyoichonga kwa kisu na kuitupa majanini! Mwanafunzi aliyefunzwa mtandamboo usio mwiba, akikutana kesho na msunguti, atauogopa kwa hoja gani?

Nitaambiwa kwamba matawi mengine ya mtandamboo hayana miiba mingi. Naam, na ndiyo sababu sharti mti utazamwe mzima kabla ya kuchimbwa mzizi, maana mzizi ndio uchemshwao, nao ukishakatwa vipande hausemi ni wa nani.

Sisemi kwamba mwalimu alikosea kila mti: mlonge aliueleza sawasawa, jani lake lililogawanyika mara tatu na mbegu zenye mbawa.

Ama harufu, nimekwisha kuilalamikia hata wasomaji wamechoka: kuutambua mti kwa harufu ni kumtambua mtu kwa udi aliojifukiza. Na unga wa mitishamba wa pakiti ni balaa zaidi, kwa kuwa hauna jani, kifundo wala mwiba. Greenway wa Amani, ambaye kamusi yake ya majina ya mimea ilitoka mwaka 1937, na Kokwaro, aliyetoa kitabu chake cha mitidawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, hawakuliacha jina la kienyeji litembee bila jina la kibotania. Leo twaridhika na picha ya simu, tena ya jani moja.

Mwalimu akirudi Olasiti na alete vitawi viwili visivyoguswa, cha mtandamboo na cha msunguti, avilaze mezani sambamba. Nawe msomaji mwenye shaka, peleka kitawi chenye jani, ua na tunda, miiba ikiwa mahali pake, kwenye Herbaria ya Taifa kule Ngaramtoni, kabla hujabandika sufuria motoni.