Kikombe Kinachosubiri Mbawakawa

Katika msitu wa Wytham, nje kidogo ya Oxford nchini Uingereza, kazi ya kuwafuatilia mbawakawa wa ardhini huanza kwa kuchimba. Kikombe cha plastiki hufukiwa mpaka mdomo wake ulingane na udongo. Ukibaki juu kidogo tu, mbawakawa huugusa kwa vipapasio na kuuzunguka. Ukizama mno, matope huingia. Mchimbaji hupiga magoti, hushindilia udongo pembeni kwa vidole, kisha huyarudisha majani makavu yalivyokuwa. Akimaliza vizuri, huoni kwamba alipita.

Wytham ni kituo kimojawapo cha mtandao wa kitaifa wa kufuatilia mabadiliko ya mazingira, ulioanza mwaka 1992. Utaratibu wake ni vikombe 30 katika mistari mitatu, vikipishana mita 10, navyo hukaguliwa kila baada ya wiki mbili tangu Mei hadi mwisho wa Oktoba. Ndani hutiwa kimiminika kile cha kuzuia maji ya rejeta yasigande, ili waliotumbukia wasioze. Nastaajabia sana ukaidi wa mpango huu: kikombe kile kile, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, awepo nani kazini.

Ukaidi huo una sababu. Kama dema la mvuvi, kikombe hakimfuati yeyote, humpata apitaye. Kwa hiyo idadi inayopatikana haielezi tu wako wangapi, bali pia wametembea kiasi gani. Mbawakawa hupata joto la mwili kutoka nje, na usiku wa vuguvugu humpeleka mbali zaidi kuliko usiku wa baridi. Mwaka wenye joto unaweza kuvijaza vikombe huku mbawakawa wenyewe wakipungua. Msimu mmoja, hata mitano, haitoshi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Mezani ndipo uvumilivu hupimwa hasa. Chini ya hadubini, weusi mmoja hugawanyika kuwa spishi nyingi. Abax parallelepipedus, mkazi wa misitu ya Ulaya, ni mpana, mweusi tii, mwenye mifereji miwili kila upande nyuma ya ngao ya kifua, na ukingo ulioinuka begani. Dume hutambulika kwa nyayo za mbele zilizopanuka. Kwingine jibu limo katika unywele mmoja juu ya jicho, nao ukikatika, macho huhamia kwenye alama ya shimo ulimoota.

Huyu Abax haruki. Mabawa yake yamedumaa. Msitu ukizidi joto, hana njia ya kuufuata ubaridi ila kwa miguu, na shamba lililolimwa kati ya misitu miwili ni kizuizi kikubwa kwake. Mabuu, wenye ngozi laini, huumizwa na udongo unaokauka. Majira ya baridi yakiwa na vuguvugu, aliyejificha huendelea kuchoma akiba ya mwili wakati hana chakula. Madhara hayo hayaonekani kwa kutazama majani. Huonekana kwenye daftari, baada ya miaka.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya miaka 15 kutoka vituo 11 vya mtandao huo. Robo tatu ya spishi zilizochunguzwa zilikuwa zikipungua. Milimani hali ilikuwa mbaya, lakini misituni idadi ilielekea kutulia. Naheshimu kwamba tofauti hiyo haikumezwa na habari kubwa ya upungufu. Msitu una kinga yake: kwa wastani, joto la juu la mchana chini ya miti huwa pungufu kwa nyuzi 4 hivi kuliko penye uwazi.

Sasa kinga hiyo inatoboka. Miti iitwayo ash, mingi huko Wytham, inakufa kwa ugonjwa wa kuvu. Mwanga ukifika chini, sakafu ya msitu hupata joto, mbawakawa hutembea zaidi, na vikombe huenda vikajaa kwa misimu kadhaa kabla ukavu haujawafikia mabuu. Mkaguzi itambidi aandike kando ya kila mstari ni mti upi ulioanguka, na lini, kisha aviache vikombe palepale vilipo.