Saratani ya Figo Mifupani: Kwanza Damu, Kisha Kisu

Mfupa wa paja uliotobolewa na saratani ya figo haushughulikiwi kama mfupa uliovunjika kwa ajali. Uvimbe wake umejaa mishipa, na mpasuaji akiugusa bila maandalizi mgonjwa anaweza kupoteza lita kadhaa za damu akiwa mezani. Ndiyo maana siku moja au mbili kabla, mtaalamu wa radiolojia hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinenani, akiufuatilia kwenye skrini hadi kufikia vijishipa vinavyoulisha uvimbe, kisha huingiza chembe ndogo sana za kuviziba. Picha ya kwanza huonyesha wingu jeusi la mishipa. Ya mwisho, wingu hilo halipo. Upasuaji usicheleweshwe hapo, kwa sababu damu hutafuta njia nyingine. Uvimbe hukwanguliwa, chuma huingizwa, na pengo huzibwa kwa saruji ya mifupa.

Wingi huo wa damu una chanzo kinachojulikana. Katika aina iliyoenea zaidi ya saratani ya figo, jeni iitwayo VHL mara nyingi huwa imeharibika. Kazi yake ni kusaidia kuvunja protini ya HIF oksijeni inapotosha. Jeni hiyo ikizimika, HIF hurundikana, na seli huendelea kuagiza mishipa mipya kana kwamba inakosa hewa. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi seli inavyohisi oksijeni.

Dawa ya kabozantinibu hushambulia hapo hapo: huzuia vipokezi vinavyochochea mishipa, pamoja na kile kiitwacho MET, ambacho kimo pia katika seli zinazojenga na kula mfupa. Jaribio la METEOR, lililoanza kuripotiwa 2015, liliilinganisha na dawa ya everolimasi kwa wagonjwa 658 waliokwisha kutumia dawa nyingine. Kwa wale waliokuwa na ugonjwa mifupani, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 20.1 dhidi ya 12.1. Ni kundi dogo, watu 142, kwa hiyo nisingelipa uzito wa jaribio zima. Lakini miezi minane ni mingi mno kupuuzwa.

Ilizoeleka kusemwa kwamba saratani hii haisikii mionzi. Isizozisikia vizuri ni dozi ndogo ndogo. Dozi kubwa zinazolengwa kwa usahihi wa milimita huidhibiti vizuri zaidi, na hata dozi moja ya grei 8 huweza kupunguza maumivu. Uti wa mgongo ukibanwa, hesabu hubadilika kabisa. Jaribio la 2005 la watu 101 wenye saratani mbalimbali lilionyesha kuwa asilimia 84 ya waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi waliweza kutembea baada ya matibabu, dhidi ya asilimia 57 ya waliopewa mionzi peke yake. Miguu ikianza kufa ganzi, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Zimebaki asidi ya zoledroniki na denosumabu, zinazopunguza kasi ya mfupa kuliwa. Meno yakaguliwe kabla ya dozi ya kwanza, na la kung'olewa ling'olewe mapema, kwani baada ya hapo kidonda cha jino kinaweza kuufisha mfupa wa taya.