"Baraza la Kifo": wasemaji wa televizyo mbele ya sheria ya wagonjwa

Katika Marekani, mwaka 2009, watu walibishana sana juu ya sheria mpya ya matunzo ya wagonjwa, ile ambayo Rais Barack Obama aliitia sahihi tarehe 23 Machi 2010. Mabishano yale yalipita kwa sehemu kubwa katika televizyo zinazotoa habari muchana na usiku, kama Fox News, MSNBC na CNN. Wenye kusikilizwa zaidi mule si watangazaji wa habari, bali wasemaji, ndio wale wanaokaa saa nzima kila jioni na kutoa mawazo yao. Tunataka kupima kazi yao kwa jambo moja tu, kwani jambo hilo linagusa kitanda cha mugonjwa anayekaribia kufa, mahali ambapo padri na katekista wanaitwa pia.

Tuanze na maandiko yenyewe. Sheria ilipoletwa mbele ya wabunge ilikuwa na kurasa zaidi ya 1,000. Kifungu chake cha 1233 kilitaka Medicare, yaani bima ya serikali kwa wazee, imulipe munganga anayeketi na mugonjwa na kuzungumza naye juu ya siku za mwisho: matunzo gani anayataka, gani hayataki, nani atasema kwa jina lake akishindwa kusema. Malipo hayo yangetolewa mara moja katika miaka mitano, au mbele ya hapo kama ugonjwa umezidi. Hakuna aliyelazimishwa. Ndiyo yote.

Tarehe 16 Julai 2009 Betsy McCaughey, aliyekuwa zamani naibu gavana wa New York, alisema katika radio kwamba wazee watalazimishwa kwenda kusikia namna ya kumaliza maisha yao mbele ya wakati. Tarehe 7 Agosti Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska, akaandika kwamba wazazi wake au mutoto wake mwenye ulemavu watasimama mbele ya "baraza la kifo" la Obama. Sean Hannity wa Fox News akamuunga mukono. Kabla mwezi haujaisha, kituo cha uchunguzi cha Pew kiliona kwamba watu 86 kwa mia wamekwisha kulisikia neno hilo. Na kati ya hao waliosikia, 30 kwa mia walisema ni kweli.

Je, walidanganya? Yafaa tupambanue. Mutu anaweza kuogopa kweli kwamba serikali inayotafuta kupunguza gharama itawachoka wazee. Woga huo si upumbavu, na mulezi wa roho asiucheke. Lakini kuogopa ni jambo moja, na kusema "imeandikwa" ni jambo lingine. Kosa la wasemaji ni hapo: walichukua woga wakautia ndani ya ukurasa. Na wale waliotaka kuwasahihisha, mara nyingi hawakuufungua ukurasa vilevile. Waliita watu wawili, mumoja wa huku na mumoja wa kule, wakawapa dakika chache wapigane, kana kwamba maneno ya kifungu ni jambo la kupigiwa kura. Seneta Johnny Isakson, mutu wa chama cha Palin mwenyewe, alilikataa neno lile waziwazi. Sauti yake haikutosha. Mwaka 2013 Brendan Nyhan na wenzake walitoa uchunguzi wenye kushangaza: kati ya wapenzi wa Palin, wale wanaojua siasa zaidi ndio waliozidi kuamini baraza la kifo baada ya kupewa masahihisho. (Anayefikiri kwamba elimu peke yake inatosha kumutoa mutu katika uwongo, afikiri tena.)

Upande wa pili haukuwa safi. Mbunge Alan Grayson alisema Septemba 2009 kwamba shauri la wapinzani kwa wagonjwa ni kufa upesi. Obama mwenyewe aliahidi mara nyingi kwamba mwenye kupenda bima yake atabaki nayo. Wengi hawakubaki nayo. Shirika la PolitiFact, lililokuwa limeliita baraza la kifo uwongo wa mwaka 2009, likaipa ahadi hiyo jina lile lile mwaka 2013.

Nikitafuta msemaji aliyekaribia ukweli wa jambo, namupata Keith Olbermann wa MSNBC, Februari 2010. Baba yake alikuwa hospitalini, mugonjwa sana. Akawaeleza watazamaji namna alivyozungumza na waganga juu ya mapenzi ya baba yake, akaonyesha kwamba mazungumzo hayo ndiyo yaliyopewa jina la baraza la kifo. Mwishowe watu waliona kitu chenyewe, si jina lake. Ni hasara kwamba alichanganya na maneno makali juu ya wapinzani, hata waliohitaji kumusikia zaidi wakawa na sababu ya kufunga masikio.

Kwetu sisi swali si jipya. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII aliwajibu waganga wa dawa ya usingizi kwamba mutu anapaswa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, lakini hashurutishwi kutumia zile zisizo za kawaida, zenye muzigo mukubwa. Basi mugonjwa atapambanuaje kama hakuna anayemweleza? Tena Machi 2010 maaskofu wa Marekani waliikataa sheria kwa sababu ya feza na utoaji mimba, naye Sista Carol Keehan, mukubwa wa shirika la hospitali za kikatoliki, akaiunga mukono. Walipingana kabisa, lakini juu ya maandiko: feza ya nani, itapita njia gani. Mabishano kama hayo yanachosha, na televizyo haiyapendi.

Kifungu cha 1233 kiliondolewa. Sheria ilitiwa sahihi bila hicho. Tangu tarehe 1 Januari 2016 Medicare inalipa mazungumzo yale yale, kwa agizo la serikali. Kati ya wazee waliokufa katika miaka ile ya katikati, wengine walipata munganga aliyeketi nao bila malipo, kwa wema wake. Wengine hawakuulizwa neno.